Thredi zisubiriane, au kazi zipange foleni? Njia nilizojaribu kwa jobu za usiku

Swali huwa linakuja hivi: nina web app ya Java, ndani yake kuna jobu ya ratiba inaamka usiku, ndani ya jobu kuna thredi tatu nne (mikondo ya kazi ambayo programu moja inaweza kuiendesha kwa pamoja), nataka ya pili isianze mpaka ya kwanza imalize, nitumie nini? Ni kama kuuliza njia ya kwenda Kariakoo, kila mtu ana yake, mmoja atakwambia tumia join(), mwingine ExecutorService, wa tatu atakwambia achana na Java kabisa. Mimi nimepita karibu zote na baadhi zimeniumbua, kwa hiyo naziweka hapa bega kwa bega uone ipi inakufaa wewe na seva yako.

Mfano wangu ni mmoja tu mwanzo mpaka mwisho, maana nimeuishi. Mfumo wa SACCOS. Kila usiku kuna hatua nne: kuvuta miamala ya lipa namba ya siku nzima, kuilinganisha na marejesho ya wanachama, kupiga faini waliochelewa, halafu kutuma meseji. Ukipiga faini kabla ya kulinganisha unamtoza mtu aliyelipa. Ukituma meseji kabla ya yote unamdai deni mzee wa watu ambaye risiti anayo mfukoni.

Kupishanisha saa

Hapa ndipo nilipoanzia na najua wengi mko hapa sasa hivi, msijifiche. Kuvuta miamala saa nane usiku, kulinganisha saa nane na nusu, faini saa tisa, meseji saa kumi na mbili asubuhi. Kila moja ina @Scheduled yake (alama ya Spring, mfumo wa Java wa kujengea app, inayosema jobu iamke lini) na cron yake (maandishi ya saa ya kuamka), hakuna inayomjua mwenzake. Kwenye kodi (maandishi ya programu) inapendeza, na ilikwenda miezi mitano bila neno kwa sababu kuvuta kulikuwa kunachukua dakika chache tu, hiyo nusu saa ya katikati tuliiona kubwa mno.

Ikaja mwisho wa mwezi. Mishahara imetoka, watu wamelipa kwa wingi, API ya kule (mlango ambao mfumo wetu unachukulia miamala) ikawa nzito, kuvuta kukapitiliza saa nzima. Saa nane na nusu kulinganisha kukaamka, kukakuta nusu ya miamala, kukalinganisha hiyo hiyo nusu kukalala zake. Saa tisa faini ikaamka ikawapiga wote ambao hawajalinganishwa. Saa kumi na mbili meseji zikatoka. Saa kumi na mbili na robo simu ya mwenyekiti, nasema shikamoo mzee, hata marahaba sikuipata, naulizwa tu "kijana, umewadai watu wangu mara mbili unataka tugombane?"

Kwenye logi hakuna kosa hata moja, kila jobu imeandika imemaliza salama. Hiyo ndiyo hatari ya kupishanisha saa: unakuwa umeandika makisio yako ya muda kana kwamba ni sheria, na siku makisio yakikosea hakuna wa kupiga kelele.

Na kuna kitu kingine nilikigundua baadaye nikaona aibu. Spring Boot, usipogusa kitu, inaendesha @Scheduled zote kwa thredi moja tu, ile spring.task.scheduling.pool.size chaguo lake la awali ni 1. Maana yake ile miezi mitano hata kama kuvuta kungechelewa, kulinganisha kungesubiri tu kwenye mstari maana thredi ni moja. Wiki mbili kabla ya lile balaa mwenzetu alikuwa ameongeza jobu ya ripoti ambayo ni nzito, akaona inachelewesha nyingine, akaweka 5. Hakukosea. Sisi ndio tulikuwa tunaishi kwa mpangilio wa bure ambao hatujui unatoka wapi. Na siku hizi kuna mtego wa pili wa aina hiyo hiyo, ukiwa na Java 21 na Spring Boot 3.2 kwenda juu ukiwasha spring.threads.virtual.enabled, skedyula (kile kinachoamsha jobu) inabadilishwa chini kwa chini na hiyo pool.size haisikilizwi tena, zile cron zako zinapewa kila moja thredi yake. Kwa hiyo usitegemee foleni ambayo hukuipanga mwenyewe.

Halafu saa zenyewe. Bosi akisema "iwe saa mbili usiku" anamaanisha giza limeingia watu wamekula, kijana anaandika 0 0 2 na jobu inaamka saa nane usiku. Nimeiona hii zaidi ya mara moja na mara moja ni mimi. Ongezea kwamba seva nyingi za kukodi ziko UTC, nyuma yetu saa tatu, hiyo 2 yako inageuka saa kumi na moja alfajiri hapa kwetu. Weka zone = "Africa/Dar_es_Salaam" au "Africa/Nairobi" ndani ya @Scheduled uondokane na hesabu. Na cron ya Spring ina sehemu sita, inaanza na sekunde, ya Linux ina tano, ukinakili ya Linux ukabandika app inagoma kuwaka, afadhali hilo maana unaliona mapema.

start() na join()

Baada ya pale nikafanya ambacho kila mtu angefanya, nikasoma kuhusu thredi usiku kucha nikaja na hii:

```
Thread t1 = new Thread(this::vutaMiamala);
Thread t2 = new Thread(this::linganisha);
t1.start();
t1.join();
t2.start();
t2.join();
```

Mpangilio upo, t2 haianzi mpaka t1 iishe. Lakini angalia vizuri hiyo kodi. Thredi kuu inaizindua t1 halafu inakaa inaisubiri haifanyi kitu, t1 ikiisha inaizindua t2 inakaa tena. Kwa wakati wowote anayefanya kazi ni mmoja. Umeajiri vibarua wanne halafu mmoja akishika jembe watatu wanakaa chini ya mwembe, sasa si ungelima mwenyewe? Na kila thredi mpya inatengewa stack yake (kumbukumbu yake ya kufanyia kazi), kawaida MB 1 kwenye Linux ya biti 64, si nyingi lakini ni ya kazi gani.

Hasara kubwa zaidi haionekani mpaka ikukute. t1 ikirusha eksepsheni (kosa linalokatisha kazi), tuseme API imekataa, thredi inakufa, na join() inarudi vizuri kabisa kama vile kazi imeisha. Yenyewe inachojua ni kwamba thredi haipo tena, imekufa kifo gani hiyo si kazi yake. Kwa hiyo t2 inaanza, inalinganisha hewa, t3 inapiga faini wote. Mpangilio umeupata, usalama hukuupata, na kwangu mimi nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo ni huo wa pili. Ukiandika join(60000) ndio kabisa, baada ya dakika moja inarudi hata kama thredi bado iko hai, ni mpaka uulize isAlive() mwenyewe na hakuna anayekumbuka kuuliza.

Kingine: transaksheni ya databesi (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kurudishwa yote) kwenye Spring imefungwa kwenye thredi. Ukiifungua kwenye mesodi ya jobu halafu ukazindua thredi mpya, ile thredi haiioni. Kikikwama kitu katikati ukategemea kila kitu kitarudishwa nyuma, vya kwenye thredi nyingine havirudi.

Kisa kidogo hapa. Ofisi moja niliwahi kurithi kodi ambayo ilikuwa na thredi nne, imekwenda zaidi ya mwaka bila shida. Nikaisoma nikakuta mwandishi aliandika t1.run() badala ya t1.start(), yote manne. Sasa run() ukiiita moja kwa moja haizindui thredi yoyote, inaendesha kazi hapo hapo kwenye thredi iliyoiita, kama fanksheni nyingine yoyote. Yaani yule bwana alidhani ana thredi nne kumbe ana kodi ya kawaida inayokwenda mstari kwa mstari, ndio maana ilikuwa haisumbui. Akaja kijana mwingine mjuaji "akarekebisha" ikawa start(), kila kitu kikaparaganyika ndani ya usiku mmoja. Mjuaji mwenyewe simtaji.

Kuita tu moja baada ya nyingine

Na hilo ndilo jibu langu kwa asilimia kubwa ya wanaouliza. Kama hatua ya pili lazima isubiri ya kwanza, basi huhitaji thredi mbili, unahitaji mistari miwili:

```
@Scheduled(cron = "0 0 2 * * *", zone = "Africa/Dar_es_Salaam")
public void kaziZaUsiku() {
    miamala.vuta();
    marejesho.linganisha();
    faini.piga();
}
```

Ikishindwa vuta(), eksepsheni inapanda juu, linganisha() haiguswi, faini haipigwi, asubuhi unakuta kosa moja kwenye logi linakwambia limetokea wapi. Spring inaandika hilo kosa na kesho jobu inaamka kama kawaida. Hapa ujue tofauti, ukitumia ScheduledExecutorService ya Java yenyewe bila Spring, kazi ya kujirudia ikirusha eksepsheni mara moja tu basi haiamki tena, na haisemi. Watu wamekaa wiki wanajiuliza ripoti imepotelea wapi.

Mtaniuliza mbona nimeweka hatua kwenye madarasa (class za Java) tofauti, miamala, marejesho, faini, badala ya mesodi za darasa hilo hilo. Kwa sababu @Transactional (alama ya kufungua transaksheni) inafanya kazi ukipitia mlango wa mbele tu, ukiita mesodi ya darasa lako mwenyewe kwa this hiyo alama haina kazi, hakuna transaksheni inayofunguliwa. Nimepoteza Jumamosi nzima kwa hili.

Na mtaona tumaMeseji haipo. Mwanzo niliiweka hapo mwishoni, mpangilio safi, nikajaribu kwa namba yangu mwenyewe, simu ikalia saa nane na robo usiku mke wangu akageuka akauliza ni nani huyo. Nikaonyesha meseji, "Ndugu mwanachama unadaiwa", ikabidi nieleze. Somo likawa kwamba meseji ina masharti mawili, ije baada ya faini NA ije asubuhi watu wameamka, sharti la pili huwezi kulipata kwa kupanga mistari. Hilo nalirudia chini.

Kasoro ya njia hii ni kwamba hatua moja ikining'inia zote zinaning'inia. RestTemplate (chombo cha Spring cha kuita API) kwa mipangilio yake ya awali haina taimauti ya kusoma, yaani kikomo cha kusubiri jibu, upande wa pili ukinyamaza yenyewe inasubiri mpaka kiama, na kama skedyula yako ni ya thredi moja basi jobu zote za app zimelala naye. Weka taimauti, sekunde 10 za kuunganisha na 60 za kusoma zinatosha sana. Hiyo ni kwa njia zote si hii tu.

Foleni ya thredi moja

Executors.newSingleThreadExecutor() watu wanaichukulia kama join() iliyovaa suti, lakini inajibu swali jingine. Inakuahidi kazi zitakwenda moja moja kwa jinsi zilivyoingia, na thredi yake ikifa kwa ajali inawekwa nyingine iendelee. Kama kazi zako zote zinatoka sehemu moja, ile mesodi ya juu, haikuongezei chochote kuliko kuita moja kwa moja. Inapokuwa na maana ni pale kazi zinapoingia kutoka milango tofauti.

Kwetu ilitokea hivi: mhasibu aliomba kitufe cha "linganisha sasa", asisubiri usiku. Tukampa. Siku moja yuko ofisini usiku anafunga hesabu za mwezi, akakibonyeza dakika ile ile jobu ya usiku nayo inalinganisha. Malipo yale yale yakaingizwa mara mbili kwa baadhi ya wanachama, safari hii wanachama hawakupiga simu, mnajua kwa nini. Pale ndipo foleni ya thredi moja inakuja: kitufe kinasukuma kazi kwenye foleni, jobu inasukuma kazi kwenye foleni hiyo hiyo, hakuna kugongana.

Ukiitumia jua vitu vitatu. submit() inameza eksepsheni, inaiweka ndani ya Future (kifurushi cha jibu la baadaye) na kama huitishi get() hutakaa uione, execute() angalau inaitoa nje. Foleni yenyewe haina kikomo, mhasibu akiona kitufe hakijibu akabonyeza mara kumi na tano basi utalinganisha mara kumi na tano. Na la mwisho ndilo lililonihamisha, foleni iko kwenye kumbukumbu ya app, ukidiploi (ukiweka toleo jipya la app) saa ile au seva ikizima, iliyokuwa ikisubiri imepotea na hakuna karatasi inayosema ilikuwepo.

Pale ambapo thredi kweli zinahitajika

Sitaki niwe kama nachukia thredi. Mwaka uliofuata SACCOS ikaongeza mitandao mingine ya simu, ikawa tunavuta sehemu tatu. Hizo tatu hazisubiriani, hakuna sababu moja ikae mpaka nyingine imalize, muda mwingi ni kungoja mtandao tu. Hapo CompletableFuture, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014, inakaa vizuri: unazindua tatu kwa pamoja, allOf() inazisubiri zote, halafu ndio kulinganisha. Hatua ya ndani ni sambamba, hatua za nje ni mstari. Na tofauti na join() ya Thread, hapa moja ikishindwa mnyororo unakatika, thenRun() ya mbele haiendeshwi.

Ila lazima umalize na join() ya huyo CompletableFuture mwenyewe ndani ya mesodi ya jobu. Usipoweka, mesodi inarudi papo hapo wakati kazi bado ziko njiani, skedyula inaamini jobu imeisha, na kama unatumia fixedDelay inaanza kuhesabu kutoka hapo, mzunguko wa pili unaukuta wa kwanza bado unahema. Na kufuli lolote ulilolishika (alama ya kuzuia mwingine asiendeshe kazi hiyo) linaachiwa hapo hapo. @Async (alama ya kutupa kazi kwenye thredi nyingine) juu ya @Scheduled ina ugonjwa huo huo, kila nikiiona kwenye kodi ya mtu nauliza kwanza "ulikuwa unataka nini?"

Tukiwa kwenye fixedDelay na fixedRate, watu wanazibishania sana lakini kwa mada hii hazina uzito mkubwa. Ya kwanza inahesabu tangu kazi ilipoisha, ya pili tangu ilipoanza, na zote mbili kwenye skedyula ya kawaida hazirundiki kazi hiyo hiyo juu ya yenyewe. Hazipangi jobu MBILI tofauti. Basi.

Jedwali la hatua

Hii ndiyo tunayotumia leo. Kuna jedwali kwenye databesi, safu zake ni tarehe ya biashara, jina la hatua, hali, imeanza lini, imeisha lini. Hatua yoyote kabla ya kuanza inauliza jedwali, hatua iliyo kabla yangu kwa tarehe hii imekamilika? Kama haijakamilika inalala, itaamka tena baada ya dakika tano kuuliza. Ndio hivyo tu, hakuna uchawi.

Ilipo tofauti na zote za juu: mpangilio hauko tena kwenye thredi, uko kwenye diski. Thredi ikifa, app ikifa, mgao wa umeme ukipita, jedwali linakumbuka tulifika wapi. Na lile suala la meseji ya asubuhi linajimaliza lenyewe, jobu ya meseji inaamka saa kumi na mbili asubuhi, inauliza kama faini ya jana imekamilika, kama bado inasubiri. Saa na mpangilio vimekuwa vitu viwili tofauti kila kimoja na sharti lake. Kumbuka ni cron zile zile nilizoanza nazo siku ile ya balaa, kilichoongezeka ni swali moja mlangoni.

Gharama ipo. Unaandika kodi zaidi, unahitaji mtu wa kuangalia hatua zilizokwama na hali ya "inaendelea" tangu juzi (app ilikufa katikati haikupata nafasi ya kuandika), na watu wa mradi mdogo wataona unawatesa. Kama jobu yako ni kufuta faili za muda na kutuma ripoti moja, usijenge hili, ita mistari miwili ukalale.

Ila ukiwa na seva mbili huna ujanja. Join, foleni ya thredi moja, mistari ya kuita, zote zinajua yaliyomo ndani ya app moja tu, ukiwasha nakala ya pili nyuma ya load balansa (kigawa maombi kati ya seva) kila jobu inaamka mara mbili, kila nakala inajiona iko peke yake. Watu wa Python mnaijua hii hata kwenye seva moja, mnaweka skedyula ndani ya app halafu Gunicorn (seva ya kuendeshea app za Python) inawasha wafanyakazi wanne, meseji zinatoka nne nne. Hapo unahitaji kufuli ambalo wote wanaliona. ShedLock, maktaba ya Java, ni nyepesi, inaweka kufuli kwenye databesi uliyonayo, lakini soma vizuri lockAtMostFor: kazi ikizidi muda huo kufuli linaachiwa hata kama kazi bado inaendelea, sisi tuliweka dakika 30 tukakumbuka ile saa nzima ya mwisho wa mwezi tukapandisha mpaka saa tatu. Databesi ya PostgreSQL ina pg_try_advisory_lock, nzuri, ila imefungwa kwenye muunganisho, na kwa app inayotumia kundi la miunganisho unaweza ukalishika kwa muunganisho mmoja ukajaribu kuliachia kwa mwingine. Tumia pg_try_advisory_xact_lock inayojiachia transaksheni ikiisha. Na Quartz, skedyula nyingine ya Java, inayo @DisallowConcurrentExecution ambayo watu wanaielewa vibaya, inazuia jobu ile ile isijiendeshe mara mbili kwa wakati mmoja, haisemi chochote kuhusu jobu A kuitangulia B. Quartz ukiiweka kwenye databesi inakuja na majedwali 11, kwa mfumo wenye hatua nne mimi niliona ni kununua lori kwenda kuchota maji.

Wa Laravel (mfumo wa PHP) msione mmesahaulika, kwenu Bus::chain() inapanga kazi mfululizo na moja ikishindwa zinazofuata haziendi, withoutOverlapping() inazuia kujirundika na kufuli lake linaishi dakika 1440 usipobadilisha, yaani app ikifa vibaya jobu inaweza kugoma siku nzima ukatafuta mchawi.

Kwa hiyo ukinishika kola uniulize uchague ipi, nauliza maswali matatu tu. Kazi zinatoka mlango mmoja na app ni nakala moja? Ita mistari. Zinatoka milango mingi lakini app bado ni moja na ukipoteza foleni hakuna anayelia? Thredi moja. Kuna hela ya mtu ndani au kuna seva ya pili? Jedwali. Thredi za sambamba weka ndani ya hatua, usiziweke kati ya hatua. start() na join() sijapata pa kuziweka, na kupishanisha saa bila swali mlangoni mniombee nisirudie.

Bado kuna kitu kimoja jedwali halijanitatulia. Kwenye meseji, unaandika "imetumwa" kabla ya kutuma au baada? Ukiandika baada, umeme ukikatika katikati ya kutuma na kuandika, app ikirudi inatuma tena, mtu anapata meseji ya deni mara mbili. Ukiandika kabla, umeme ukikatika pale kuna mtu hapati kabisa. Tulikaa na mwenyekiti tukamwekea mezani zote mbili. Hakufikiri sana, akasema yule asiyepata atakuja mwenyewe dirishani kuuliza, yule anayepata mbili atakuja na ukoo wake. Tunaandika kabla.